Nyeupe ya Pili

Daraja lenyewe lilikuwa dogo, la waenda kwa miguu na baiskeli,
kuvuka kijito kinachomwaga maji Drava, nje kidogo ya Maribor.
Lakini michoro yake ilizaana kama panya.
Kila Jumatatu mhandisi alibadili nia,
kila Alhamisi Metka alitoa nakala,
na kila nakala aliigonga muhuri: YA MWISHO.
Tulikuwa na za mwisho nne.

Ndipo nikaambiwa: Jerneja, tafuta rangi.

Nilitandaza mezani karatasi za duka zima.
Waridi ilikataliwa; mhandisi alisema hatujengi harusi.
Damu ya mzee ilimeza wino, hukuona mstari.
Kijivu na hudhurungi, zikishaonja vumbi la saruji,
ni ndugu wa tumbo moja.

Nikamkumbuka babu Ožbolt na mizinga yake,
alivyomshika malkia kwa vidole viwili, pumzi ameibana,
akamtia nukta ya rangi mgongoni
kwa ncha ya njiti ya kiberiti.
Mwaka huu nyeupe. Mwakani manjano.
Kisha nyekundu, kijani, buluu,
kisha nyeupe tena.
"Tano tu?" nilimuuliza. Nilikuwa na miaka minane.
"Zatosha. Malkia hafikishi mwaka wa sita.
Mweupe wa leo hatakutana na mweupe wa kesho."

Hesabu isiyovuja.
Niliipeleka ofisini kama aliyebeba asali.

Na ilifanya kazi, sitadanganya.
Nyeupe ikatoka, manjano ikaipokea,
nyekundu ikaja na nguzo nene,
kijani ikazikondesha, buluu ikazinenepesha tena.
Hata Zdravko, msimamizi wa mafundi,
asiyesoma tarakimu bila miwani, na miwani haivai,
alisimama ukingoni akapaza sauti: "Leo tuko buluu!"
na watu kumi na wawili wakajua pa kushika.

Halafu baraza la mji likataka vyuma vya kando viongezwe urefu.
Toleo la sita.
Nikanyoosha mkono nikachukua nyeupe.

Sikuona kitu. Hata mkono haukusita.

Mpaka nilipokwenda kupima.
Chuma cha kaskazini: kinanifika kifuani.
Cha kusini: kiunoni.
Zdravko akatoa karatasi yake mfukoni, nyeupe,
imekunjwa mara nane, ina doa la soseji.
Fundi wa upande wa pili akatoa yake, nyeupe,
bado inanuka mashine.
Wakatazamana.
Kisha wakanitazama mimi.

Malkia hufa, babu. Karatasi haifi.
Hulala ndani ya buti, chini ya kiti cha lori,
hufungiwa mkate,
na ukiita rangi yake, huitika.

Usiku ule ndipo iliponijia sehemu niliyoiacha,
au niliyoamua, mtoto mimi, kutoiona:
kabla ya kumwingiza mpya mzingani
alimtafuta wa zamani kwa ile nukta,
akamshika vilevile, kwa upole uleule,
akambana kichwa kwa ukucha wa kidole gumba.
Ilisikika kama mbegu inayopasuka.
Akafuta kidole kwenye suruali, akaendelea kupiga mluzi.

Nukta haikuwa pambo. Ilikuwa ya kumtafutia.

Siku hizi hupati mpya kwangu ukija mikono mitupu.
Leta ya jana kwanza.
Naichana mbele yako, vipande vinne, naendelea na chai yangu.
Zdravko ananiita mchinjaji,
lakini huleta, na doa lake la soseji.

Daraja lipo. Upande wa kusini haukurekebishwa, fedha ziliisha.
Jumapili watoto wote hujazana huko,
videvu juu ya chuma,
wakitemea mate maji yanayopita.